Baiskeli Usambara: anzeni Vuga kabla ya Lushoto

Swali: "Shikamoo kaka. Sisi ni vijana wanne wa Morogoro, huwa tunaendesha baiskeli za milimani kwenye njia za chini ya Uluguru. Mwezi wa nane tuna siku tano za kwenda Usambara. Tumepanga kushuka kwenye basi Mombo, tupande kwa baiskeli hadi Lushoto siku hiyohiyo, halafu tuzungukezunguke pale mjini tukiangalia majengo ya Wajerumani, na siku moja twende Mtae na kurudi. Wawili wetu wana baiskeli za mtumba zenye breki za diski za kuvuta kwa waya. Mpango huu unafaa? Na tunahitaji mtu wa kutuongoza?"

Marahaba, mdogo wangu. Miguu mnayo, kwa sababu anayezoea njia za Uluguru haogopi mlima. Ila mpango wenu umepangwa kwa kilomita, na Usambara kilomita hazisemi kitu. Mtae na kurudi kwa siku moja ni karibu kilomita 120 za kupanda na kushuka bila kupumzika. Mtafika, mtapiga picha moja, mtarudi gizani mmechoka na mmegombana. Hilo lifuteni kabisa.

Mombo hadi Lushoto kwa baiskeli siku ya kwanza pia mliache. Ni kilomita 33 za lami, kutoka kama mita 400 juu ya usawa wa bahari hadi kama 1,400. Kupanda si shida. Shida ni barabara yenyewe: nyembamba, kona baada ya kona, upande mmoja mwamba na upande wa pili korongo, na magari ya mboga yanateremka yakiwa yameshiba kabichi na viazi. Anayepanda taratibu hana pa kujibanza. Pandeni gari dogo la abiria Mombo, baiskeli zifungwe juu, mshuke Soni, karibu nusu ya njia. Lami hiyo mtaipata siku ya mwisho mkiteremka, tena asubuhi.

Sasa nije kwenye historia, maana ndiko mlikonikera kidogo. Kuona majengo ya Wajerumani si vibaya, lakini mkianzia hapo mtaisoma Usambara kutoka sura ya katikati. Milima hii ilikuwa na dola yake, na njia mtakazopita ni za dola hiyo. Watu waliishi juu, kwenye baridi na migomba. Chini kulikuwa na nyika: joto, homa na mashambulizi ya wafugaji, lakini pia mazao ambayo juu hayakubali, wanyama wa kuwinda, na baadaye misafara ya biashara. Ndiyo maana vijiji vingi vya zamani vimekaa ukingoni mwa milima, mahali ambapo mtu aliweza kulima pande zote mbili. Na ndiyo maana njia za miguu hapa hupanda na kushuka mno badala ya kuzunguka: zilitengenezwa na watu waliokuwa na haraka ya kufika shambani.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kutoka Soni, nendeni Vuga.

Vuga ndiyo iliyokuwa makao ya Wakilindi, ukoo uliotawala Wasambaa. Masimulizi yanaanza na Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu, aliyewaua nguruwe pori waliokuwa wakimaliza mashamba na kuwagawia watu nyama, mpaka wakamtaka abaki awatawale. Njiani kwenda Vuga akaua simba, na tangu hapo mtawala wa Vuga huitwa Simba Mwene. Mjukuu wa nasaba hiyo mnayepaswa kumjua ni Kimweri ye Nyumbai. Wakati wake, nusu ya kwanza ya karne ya 19, mamlaka ya Vuga yalivuka milima yakateremka hadi karibu na pwani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipanda kumwona mwaka 1848, akarudi tena 1852, akitaka ruhusa ya kufungua misheni. Krapf alikuja kwa miguu kutoka huko chini, kwa hiyo mkianza kulalamika kwenye mlima wa kwanza mkumbukeni yeye.

Niwatahadharishe: Vuga hamtakuta ngome, ukuta wala jumba. Mji ulikuwa wa nyumba za msonge za miti na nyasi, na uliwahi kuteketezwa vitani, habari nitakayoirudia. Mtakachokiona ni mgongo wa mlima wenye kijiji, migomba, kanisa la misheni, na mabonde yanayoporomoka pande zote. Simameni pale juu mtazame. Mtaelewa kwa nini mtawala alikaa hapo: anayekuja anaonekana akiwa bado mbali, na akifika amekwisha pumzi.

Msiingie Vuga kama mnaingia baa. Piteni kwanza ofisi ya kijiji, msalimie, mseme mmekuja kujifunza, muombe mzee wa kuwaelekeza. Mambo ya makaburi ya watawala na sehemu za matambiko si ya kupigia picha mpaka mruhusiwe, na mkiambiwa hapana, ni hapana. Mzee akiwapa saa mbili zake mpeni chochote mkononi kwa heshima, bila kuuliza bei kama mko sokoni.

Njia ya Vuga ni udongo mwekundu uliokanyagwa ukawa mgumu, wenye mifereji iliyochimbwa na mvua katikati. Mwezi wa nane itakuwa kavu, kwa hiyo adui wenu ni vumbi laini juu ya sehemu ngumu: gurudumu la mbele linateleza ghafla bila kuonya. Punguzeni upepo kidogo kwenye matairi. Jioni rudini mlale Soni, na kama mna muda piteni Sakharani, misheni ya Wabenedikto yenye mashamba ya mizabibu na makadamia. Zamani ilikuwa shamba la Tom von Prince, afisa wa Kijerumani aliyeitwa Bwana Sakarani, yuleyule aliyepigana na Mkwawa huko Uhehe. Baada ya vita vile aliacha jeshi, akaja huku kulima. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza akavaa tena sare, akauawa Tanga Novemba 1914 Waingereza walipojaribu kuuteka mji. Wahehe wengi hawajui kwamba mtu huyo aliishia kuwa mkulima wa Usambara.

Siku ya pili ni nyepesi, na ifanyeni iwe nyepesi makusudi. Soni hadi Lushoto si zaidi ya kilomita 17, nyingi za kupanda, mnafika kabla ya chakula cha mchana. Lushoto Wajerumani waliiita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, wakaifanya makao ya wilaya na mahali pa kukimbilia joto la pwani. Waingereza waliichukua Juni 1916, wakaendelea na mazoea yaleyale. Ikulu ndogo ya pale ilianza kama nyumba ya mapumziko ya gavana. Majengo yenu mtayaona: kuta nene za mawe, mapaa marefu, miti mikubwa ya kigeni pembeni mwa barabara. Saa moja inatosha, kwa maoni yangu.

Kisha nendeni Irente, kilomita kama tano au sita kutoka mjini. Kwenye shamba la Irente la Kanisa la Kilutheri kuna jibini, mkate mweusi na jemu wanazotengeneza wenyewe, na hapo mle mshibe. Halafu endeleeni hadi ukingoni. Ardhi inakatika. Chini yenu, kama mita 1,000, ni nyika tupu na barabara kuu kama uzi, na mahali panapoitwa Mazinde.

Watalii wengi hupiga picha pale wakaondoka, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba wanaangalia mahali dola ya Vuga ilipovunjikia. Kimweri alipofariki mwanzoni mwa miaka ya 1860, kiti kilikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu. Lakini mwanawe mmoja, Semboja, alikuwa amejikita Mazinde, kwenye njia ya misafara. Misafara ilileta bunduki na nguo, ikachukua pembe na watumwa, na yote hayo yalipita mlangoni kwa Semboja, si Vuga. Mtawala wa juu akabaki na heshima na matambiko. Wa chini akawa na baruti. Miaka ya mwisho ya 1860 watu wa Semboja waliiteketeza Vuga. Tangu hapo uzito ulihamia bondeni, haukurudi mlimani. Mkiwa mmelala jana yake karibu na Vuga na leo mko Irente, mnaona ncha zote mbili za ugomvi ule kwa macho yenu. Ndiyo sababu nimewapangia kwa mfuatano huo, na ndiyo sababu sikutaka muanzie Lushoto.

Reli ikaja kumalizia kazi. Ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo 1905, kisha Moshi miaka michache kabla ya vita. Ilipita nyikani, chini ya milima.

Siku ya tatu ndiyo ngumu. Lushoto, Magamba, halafu mgongo wa milima hadi Mtae, karibu kilomita 60. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi mkiwa mmevaa sweta, maana Agosti kule juu kuna ukungu na baridi ya kukauka vidole, na vidole vilivyokauka havishiki breki vizuri. Kupanda Magamba kunaanza mara moja, bila kuwapa nafasi ya kupasha miguu joto. Tumieni gia ndogo kabisa tangu mwanzo. Kama gia ya mbele yenu ina meno 32 au zaidi na kubwa ya nyuma haizidi 34, badilisheni kabla hamjatoka Morogoro. Fundi mzuri wa mtumba atawapatia.

Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Barabara ya umma mnapita bure, lakini mkitaka kuingia njia za ndani lipieni kwanza ofisini kwao. Njia za ndani zina mizizi, majani yaliyooza na giza la mchana, na mbega wanaruka juu yenu. Ni uendeshaji mzuri kuliko wote mtakaoupata safari nzima, hasa kwa mwenye shokapu nzuri mbele. Lakini kama mnakwenda Mtae siku hiyohiyo, msizidishe saa moja humo.

Mbele yake, upande wa Shume, misitu ya asili inapisha mashamba ya miti ya kupandwa. Hapo ndipo Wajerumani walipovuna mwangati, ule mti wa mbao nyekundu zenye harufu ambazo mchwa hazigusi. Jinsi ya kuzishusha mbao hadi kwenye reli lilikuwa jambo zito, kwa sababu ukingo wa huku hauna mteremko wa gari. Wakajenga njia ya waya kutoka Shume hadi stesheni ya Mkumbara, takribani kilomita tisa za nyaya, mbao zikining'inia hewani juu ya makorongo mpaka nyikani. Mtu akiwaambia kwamba mnaweza kuteremka na baiskeli kwa kufuata njia hiyo ya waya, mcheke naye kisha muendelee na safari.

Kutoka hapo mnapita vijiji vya mboga, na siku ya soko barabara inajaa. Jambo moja mlishike. Kwenye njia nyembamba mtakutana na akina mama wamebeba tenga vichwani, kilo nyingi, shingo imenyooka, na hawaoni miguu yao. Shukeni kwenye baiskeli. Mpeni yeye upande wa mlima, nyie simameni upande wa bonde, msalimie. Msipige kengele nyuma ya mtu aliyebeba mzigo, wala msipite katikati ya shamba ili kukata kona. Ile mistari ya majani ya gwatemala mnayoiona imeshikilia udongo, na gurudumu moja likipita hapo, mvua ijayo inapita palepale.

Mkiona jua linaelekea kuzama na Mtae bado, au mmoja wenu ameanza kunyamaza kupita kiasi, laleni Rangwi kwa masista. Wana vyumba vya wageni. Hakuna aibu. Lakini mkifika, Mtae haina mfano. Kijiji kimekaa kwenye ulimi wa mlima na pande zote mbili ni hewa. Asubuhi, kabla ukungu haujapanda, mnaona Hifadhi ya Mkomazi chini, milima ya Upare upande wa pili, na siku zikiwa njema mnaona Kilimanjaro. Hapa ukingoni kabisa mwa Shambaai, yaani nchi ya Wasambaa, mtu alilala juu na kulima chini.

Siku ya nne teremkeni Mlalo. Si mbali, kwa hiyo msikimbie. Mlalo iko ndani ya bakuli la milima, na nyumba zake za zamani za udongo na miti zina ghorofa moja juu, jambo ambalo hamtaliona kirahisi vijijini kwingine. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani, Ernst Johanssen na Paul Wohlrab, walianza kituo chao hapa mwaka 1891, wakakiita Hohenfriedeberg. Kanisa lipo, na watu wake wanapenda kulizungumzia.

Mimi hata hivyo huwa natazama zaidi miteremko inayolizunguka bonde. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha hapa mpango wa kuzuia mmomonyoko: kila mwenye shamba alilazimishwa kulima matuta kwa kipimo, na asiyelima akapelekwa barazani. Kazi ile iliwaangukia wanawake, mavuno hayakuongezeka kama walivyoahidiwa, na watu wakaamini kwamba matuta ni njia ya kuwanyang'anya ardhi. Wakagoma. Katikati ya miaka ya 1950 ugomvi ukawa siasa kamili, chama cha TANU kikapata wafuasi wengi hapo, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru. Ajabu ni kwamba leo matuta yamejaa kila mahali, yamelimwa na wenyewe bila kusukumwa na mtu. Mkimkuta mzee wa miaka themanini Mlalo, muulizeni habari ya matuta ya Mwingereza, kisha kaeni vizuri, maana haitakuwa hadithi fupi.

Sasa breki, kwa sababu siku ya tano mnapanda kutoka Mlalo, mnarudi Lushoto, halafu mnateremka lami yote hadi Mombo. Diski za kuvuta kwa waya zinatosha, msiwe na hofu. Ila fanyeni mambo haya. Wekeni pedi mpya kabla ya safari na mbebe jozi moja ya akiba kila mtu. Vumbi la huku lina mchanga na linakula pedi haraka. Badilisheni waya na ganda lake, maana waya wenye kutu unakatika pale pale unapouhitaji. Kila asubuhi kazeni kile kitasa cha kurekebishia, kwa sababu breki za waya hazijirekebishi zenyewe kama za mafuta.

Mkiteremka, msishike breki kidogokidogo mfululizo. Shikeni kwa nguvu kabla ya kona, zote mbili, achieni kwenye kona, acheni zipoe kwenye nyoofu. Kila baada ya dakika kumi simameni, dondosheni tone la maji kwenye diski. Likichemka na kuruka, kaeni chini mle ndizi mpaka lisichemke tena. Na kama kuna mwenzenu mwenye breki za kubana rimu, huyo ndiye wa kuangaliwa zaidi: rimu ikipata moto sana tyubu inapasuka, na hapo uko kwenye kona na lori la viazi nyuma yako. Yeye apewe ruhusa ya kusimama anapotaka, na asiwe wa mwisho kwenye msafara.

Kuhusu mwongozaji: kwa barabara kubwa ya Lushoto hadi Mtae hamhitaji. Kwa Vuga na kwa njia za ndani ya Magamba, mchukueni. Pale Lushoto kuna vikundi vya vijana wenye vitambulisho. Kubalianeni bei na njia kabla hamjaondoka, na muulizeni swali moja tu: njia hii umeipita lini kwa baiskeli? Wengi ni waongozaji wa kutembea kwa miguu, wazuri sana, lakini atawaleta kwenye ngazi za mawe akisema panapitika. Anayesema "mimi nitakuja na pikipiki mbele yenu" mkataeni, mtakula moshi siku nzima.

Bebeni tyubu mbili kila mmoja, vibandiko, pampu, kiungo cha akiba cha mnyororo, na spoku zinazolingana na rimu zenu. Mafundi wako kila kijiji na pancha wanaziba vizuri kuliko nyie, lakini vipuri walivyonavyo ni vya Phoenix, si vya baiskeli zenu.

Siku ya kuondoka mjitahidi mfike Mombo kabla ya saa sita mchana. Mabasi ya kutoka Arusha na Moshi hupita hapo yakielekea Dar, na kwa nyie mtashuka Chalinze mpate la Morogoro. Ongeeni na kondakta wa buti kabla hamjakata tiketi, mng'oe magurudumu ya mbele, mfunge usukani sambamba na fremu, na upande wenye gia uwe juu.